Kimya cha Mzee Taratibu

Wifi yangu hawezi kukaa kwenye chumba chenye redio bila kuigusa. Ukimkaribisha chai, kabla hajavuta kiti ameshapunguza sauti na ameshauliza ni nani kaiweka redio juu ya friji, maana friji inaleta mvumo. Hakuna mtu mwingine nyumbani anayeusikia mvumo huo. Tukiwasha televisheni kutazama habari, yeye anatazama midomo ya msomaji, kisha anatutangazia kwamba sauti inachelewa nyuma ya picha. Basi na sisi tunaanza kutazama midomo, na habari zinatupita. Kwenye harusi ya binamu yetu alimfuata mshereheshaji hadi mbele za watu kumwambia kuwa kipaza sauti chake kinakwaruza. Bibi harusi ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

Ni mke wa kaka yangu, na tunaishi nyumba moja na wazazi wetu, kwa hiyo siwezi kumkimbia. Mtaani wanamwita Mama Mawimbi. Ni fundi mitambo wa kituo cha redio, na kazi yake ni kuchunga kinachotoka hewani kiwe kama sheria ya utangazaji inavyotaka: sauti isizidi, isififie, isivamie masafa ya kituo cha jirani, na kusiwe na kimya. Hicho kimya ndicho kilichotutoa roho.

Wakaguzi wa utangazaji walishakionya kituo chao, kwa sababu kilikuwa na tabia ya kunyamaza hovyo na msikilizaji akabaki anapiga redio makofi akidhani betri zimekwisha. Wakaamriwa wafunge kifaa cha kuchunga sauti. Hewani kukinyamaza zaidi ya sekunde kumi, kifaa kinaamua kwamba mitambo imekufa. Kinaandika kosa, kinampigia Wifi simu, na kinarusha chenyewe wimbo wa akiba. Wimbo wenyewe aliuchagua meneja, na meneja akachagua tangazo la sabuni, kwa kuwa wenye sabuni ni marafiki wa kituo. Simu hiyo hulia tukiwa mezani, hulia tukiwa na wageni, iliwahi kulia yeye akiwa na mapovu kichwani. Kaka yangu akakipa kifaa jina.

"Pokea, mume mwenzangu anapiga," husema, kisha anaendelea kula.

Sasa, katika kituo hicho yupo Mzee Taratibu, msomaji wa matangazo ya vifo. Amesoma tangu mimi niko shule. Kila jioni anaanza vilevile: "Tangazo hili liwafikie jamaa walioko," anataja mahali, halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka unadhani ameinuka kwenda zake. Ndipo anataja jina la marehemu, siku ya mazishi na saa.

Unaweza kukisia kilichotokea. Kifaa kilipofungwa, jioni moja mzee akawaita jamaa wa watu, akanyamaza kama kawaida yake, na badala ya jina la marehemu ukaingia wimbo wa sabuni: povu, povu, ng'ara, ng'ara. Asubuhi wafiwa walikuwa mapokezi. Meneja ghafla akawa na kikao nje ya ofisi, na aliyewapokea ni Wifi. Alirudi nyumbani sauti imemkauka kwa kuomba radhi.

Akaenda kumkabili mzee. Mazungumzo hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyotaka, maana kila akituhadithia anaigiza sauti zote mbili.

"Mzee wangu, unanyamaza mno. Kifaa kinadhani umekufa."

"Kikidhani nimekufa, kinisomee na mimi tangazo langu."

"Sitanii, baba. Wakituandikia tena watatufungia kituo."

"Mwanangu, redio moja inasikilizwa na nyumba tatu nne. Huyu yuko bombani, yule yuko shambani. Nikishawataja, nawapa nafasi waitane, waje wasikie. Nikiendelea mbio mbio nimemsomea nani?"

"Waitane haraka, basi."

"Wewe ukiitwa na mama mkwe wako unaitika haraka?"

Hapo mama yetu hucheka, na Wifi hununa. Siku moja nilimshauri akiambie kifaa kingoje zaidi kidogo. Alinitazama kama nimemwambia tuuze nyumba.

"Wifi, hicho ni kiwango. Kiwango si shuka, ukivute upande unaotaka wewe."

Ikawa kila jioni ni mzee na kimya chake, mzee na kimya chake, mpaka nikaanza kuondoka mezani na sahani yangu. Mwishowe meneja akasema mzee akinyamazisha redio mara nyingine, kipaza sauti atapewa mtu mwingine. Wifi akamfungia taa nyekundu mezani. Kimya kikikaribia sekunde kumi inawaka, naye aseme neno, lolote lile. Alirudi siku hiyo amefurahi, akatuambia kwamba jambo limekwisha.

Baba alifariki wiki hiyohiyo, mchana, baada ya kuugua muda mrefu. Alituachia neno moja tu, nalo alilirudia mpaka pumzi ikamwishia: asizikwe dada yake hajafika.

Shangazi anakaa ng'ambo ya mto. Kule simu hazishiki, redio inashika. Wazee walipanga mazishi yawe kesho yake alasiri, na kaka akapiga hesabu zetu vizuri: Shangazi akisikia tangazo jioni, atapanda basi la alfajiri na atafika kabla ya saa sita. Akichelewa hilo, lingine ni la mchana. Wifi mwenyewe alilipeleka tangazo kituoni, akamkabidhi mzee mkononi, akarudi kukaa nasi msibani. Redio tuliiweka juu ya stuli, mbali na friji.

"Tangazo hili liwafikie jamaa walioko ng'ambo ya mto."

Wifi akainamisha kichwa, akangoja. Sote tulingoja, kwa mazoea. Mzee hakungoja. Jina la baba likatoka papo hapo, likafuatwa na siku, saa na mahali, na kabla hatujameza mate tayari alikuwa kwa marehemu wa watu wengine. Alisoma kama mtu anayewahi kuanua nguo mvua inakuja. Simu ya Wifi ilikuwa mezani, na haikulia.

"Mbona hakupumzika?" akauliza.

"Si ulimkataza," nikamjibu. Nilikuwa nimekasirika, na nikikumbuka nakasirika tena.

"Acheni," mama akasema. "Labda amesikia."

Kesho yake tulingoja. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilitusimamisha. Alasiri ikaingia, watu wakaanza kutazama jua, kisha kumtazama kaka. Kaka alitoka nje ya geti, akasimama huko peke yake, akarudi, akasema twendeni. Tukamzika baba.

Shangazi alifika wakati viti vinapangwa kurudishwa kwa wenyewe. Alikuwa na mfuko wake mkononi, na viatu kavivaa mguu huu na mguu ule tofauti. Aliviona viti. Alikaa chini palepale uani, mama akakaa naye, wakalia.

Jioni ndipo akatusimulia. Jirani alisikia redio inataja ng'ambo ya mto, akamwita. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Aliacha shoka, akazunguka, na alipofika mlangoni kinasomwa kifo cha mtu asiyemjua. Jirani naye alikuwa ametoka nje kumwita, hakusikia jina. Usiku mzima alikaa macho akijiuliza kama msiba ni wetu au wa watu wengine. Marudio ya asubuhi ndiyo yaliyomwambia, na basi la alfajiri lilikuwa limeshaondoka.

"Yule mzee amepatwa na nini?" akasema. "Siku zote hunisubiri."

Wifi akainuka, akaenda jikoni. Nilimsikia akiosha vyombo ambavyo mimi nilikuwa nimeshaviosha.

Alirudi kazini kabla ruhusa yake ya msiba haijaisha. Alimwendea meneja, meneja akamjibu kwamba kiwango ni kiwango, yaani maneno ya Wifi mwenyewe. Basi akaingia stoo, akatoa feni kuukuu ambayo kila mtu alishaikataa, akaisimamisha karibu na meza ya mzee, na kipaza sauti cha pili akakielekeza kwenye feni, akakiacha wazi. Akapandisha sauti yake mpaka kifaa kikaridhika kwamba hewani kuna mtu. Kisha akaing'oa taa nyekundu. Mwanamke anayegombana na friji yetu, kawawekea watu mvumo hewani kwa mikono yake.

"Na wakaguzi?" nikamuuliza.

"Wanakataza kimya. Feni si kimya."

Shangazi alikuwa bado yuko kwetu jioni ya kwanza ya hiyo feni. Tulikuwa uani, redio iko dirishani.

"Tangazo hili liwafikie jamaa walioko machimboni," Mzee Taratibu akasema, akanyamaza. Tukaisikia feni inazunguka, na kila ikizunguka inalia kwikwi.

"Feni yenu haina mafuta," nikamwambia Wifi.

Shangazi alikuwa ameinuka. Akazunguka nyumba hadi nyuma, tunapoweka kuni, akapotea machoni petu. Kisha akatokea upande wa pili, anatembea kwa mwendo wake wa kawaida, akaja mpaka dirishani, akasimama mbele ya redio. Feni bado ilikuwa inazunguka.

"Ingenitosha," akasema.

Ndipo mzee akataja jina la mtu.