Joto la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa dobi tangu ujana wake mpaka magoti yalipomgomea. Amenyosha mashati ya mabwana harusi, sare za wauguzi na mapazia ya hoteli, na miaka yote hiyo ya mvuke imemzoesha joto. Hata leo akiona kola iliyojikunja barabarani, ya mtu asiyemjua, vidole vinamwasha. Kitu kimoja tu hakiwezi: baridi. Upepo ukimgusa kidogo anajifunika shali na kuanza kutuachia wosia.

Mwanawe wa pekee, yaani mume wangu, ni mwokaji mikate. Anashinda mbele ya tanuri, na akirudi nyumbani hataki kusikia habari ya joto. Sasa watu hawa utawaweka vipi chini ya paa moja? Mama alipokubali kuhamia kwetu, mume wangu aliumiza kichwa, akaja na jibu: kiyoyozi cha mashine moja juu ya dari, kinachopeleka hewa kila chumba kwa bomba lake, na kila chumba na kidude chake ukutani cha kupandisha na kushusha joto. Kila mtu ajipangie mwenyewe. Alijivunia kiyoyozi kile kuliko harusi yetu, na nilimwambia hivyo.

Wiki haikuisha, mama akaanza kulala na soksi, kisha na koti.

"Nimepandisha namba mpaka zimeisha," aliniambia, "na bado kinanipulizia barafu."

Chumbani kwetu mume wangu alikuwa analowa jasho. Anashusha namba, anashusha tena, wapi. Kadiri mama alivyokataa baridi ndivyo sisi tulivyoungua, na kadiri mwanawe alivyoitafuta ndivyo mama alivyotetemeka. Mimi nilihamia kwenye kochi la sebuleni, nikiikumbuka feni yetu ya zamani iliyokuwa na kelele lakini haina visa.

Asubuhi moja nikamkuta mama ameketi kitandani, begi miguuni, pasi yake kuukuu imechungulia juu ya nguo. Pasi ile haisafiri matembezi. Ikiingia begini, ujue mwenyewe anahama.

"Narudi kwa dada yangu," alisema. "Mwanangu ana adabu, hawezi kunifukuza kwa mdomo. Ndiyo maana ananifukuza kwa mashine."

Nilicheka, nikajuta papo hapo, maana macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nilimpenda yule mama, sitaki kuficha, na nyumba bila maneno yake ingenishinda. Nikamsihi amsubiri fundi.

"Nitamsubiri," alisema. "Akishindwa, atanibebea begi."

Fundi aliyekifunga kiyoyozi alifika na ngazi begani, mwanamke mwenye mabega mapana na tabia ya kuzisemesha mashine kwa sauti. Jambo la kwanza, akatuomba tufunge milango ya vyumba. Sote tukatazamana. Kwetu milango haifungwi. Mama alimlea mwanawe katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa mashuka ya wateja, na kwake yeye mtu akifunga mlango mchana amenuna. Tangu kiyoyozi kiwekwe, hakuna mlango uliokuwa umefungwa.

"Mimi sijagombana na mtu," mama alisema.

"Najua, mama. Ila milango ikiwa wazi hewa inachanganyika, siwezi kujua ipi imetoka wapi."

Mama alikubali kwa sharti kwamba niingie naye, ili ijulikane hakuna ugomvi. Mume wangu akaingia chumbani kwetu, akaambiwa azime kidude chake. Mara ule upepo wa barafu juu yetu ukakatika. Mama akanitazama, nami nikamtazama.

"Sasa mama, omba baridi," fundi alisema kutoka kwenye korido.

"Niombe baridi, mimi?"

"Mara hii tu."

Akabonyeza kwa ncha ya kidole kama anayegusa pasi ya moto. Tukangoja. Juu yetu hakukuja upepo wowote. Kisha tukamsikia mume wangu nyuma ya ukuta: "Imekuja. Jamani, imekuja huku."

Fundi alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Nimepishanisha nyaya. Kidude cha mama kinaamuru chumba cha mwanawe, cha mwanawe kinaamuru cha mama. Kosa langu, nisameheni." Akapanda darini kurekebisha, akiigombeza mashine njia nzima, ingawa haikuwa na hatia.

Mama alitoka, akamkuta mwanawe mlangoni, shati limegandia mgongoni.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nakuoka," alisema.

"Na mimi nakugandisha, mama yangu."

Akamfuta jasho kwa shali lake, naye akainamisha kichwa afutwe vizuri. Wakacheka mpaka wakashikana mikono, na mimi nikalia kidogo, kwa raha.

Jioni nikaona mlango wa mama umefungwa. Nikashtuka, nikabisha.

"Ingia, ufunge upesi," alisema. "Unanitolea joto langu."

Ndani palikuwa na joto zuri. Pasi ilikuwa kwenye umeme, na mama, mikono ya blauzi imekunjwa, alikuwa ananyosha aproni ya mwanawe ya kuokea, akiimba chini kwa chini. Bila kuinua macho akanisukumia begi tupu kwa mguu.

"Kaweke vitunguu humo," alisema. "Mimi sina safari."