Moto wa Msiba wa Kasuba

Mke wangu Kasuba alikuwa mlinzi wa mashine ya kupima hewa. Hakuna aliyemwajiri. Serikali iliifunga uani kwetu kwa sababu tunatazamana na dohani la kiwanda cha kuyeyusha shaba. Ni sanduku jeupe, kimo cha jokofu, lina mrija juu. Huvuta hewa saa zote na kuandika lenyewe sumu iliyomo.

Wenye kiwanda walisema sumu si yao, ni majiko yetu ya mkaa. Simfukwe, fundi wa mashine, akamwambia Kasuba, "Mama, nipe mwaka mmoja bila moto karibu na hapa. Hatua hamsini. Watakosa la kusema."

Kasuba alikuwa akikohoa miaka kumi na moja. Akalishika neno hilo.

Jiko letu likahamia ng'ambo ya barabara. Mwaka mzima nshima, ugali wetu, ilinifikia imepoa. Jirani yetu Mama Ngosa naye hakusalimika na katazo hilo.

"Nachoma mahindi mawili tu, jirani."

"Kachome kwenu," Kasuba akamjibu.

"Hapa ndio kwetu."

"Basi kachome kwa dada yako."

Hata mchungaji wa kanisa letu alizima pikipiki njia panda, akaisukuma kupita kwetu.

Zilipobaki siku tisa, Kasuba akafa. Kifua.

Kwetu wanaume hukesha nje, wamezunguka magogo yanayowaka, mpaka maziko. Watu wakaja na magogo. Nikasimama mbele ya mashine.

"Si hapa," nikasema.

"Shemeji, kwani tunamzika kuku?" akauliza kaka yake Kasuba.

Akatokea Chongo, mtani wetu, wa ukoo ambao kazi yake msibani ni kututukana. Akaingia ndani, akasimama penye jeneza.

"Kasuba, mchoyo wewe. Mwaka mzima umetulisha ugali baridi, sasa unataka na sisi tupoe? Umekufa na kiberiti chetu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha Chongo akajitwika gogo, akarusha vumbi kuona upepo unakokwenda, akahesabu hatua hamsini kwa sauti. Zikaishia kwenye goli la uwanja wa mpira. Hapo wanaume wakakaa siku mbili. Kila aliyekuja kunipa pole huko alifika anahema, gogo begani.

Mwaka ulipotimia Simfukwe akafungua sanduku. Akasoma sana.

"Hakuna moto humu, mzee. Hata wa msiba. Sumu imepanda alfajiri tu, wakati kiwanda kinaachia moshi. Mwaka mzima hivyo hivyo."

Akaondoka na karatasi. Wenye kiwanda wameomba miezi mitatu ya kufikiri.

Nikalirudisha jiko mlangoni, nikaliwasha. Nikasimama na sufuria tupu mkononi. Halafu nikaita juu ya ukuta wa jirani:

"Mama Ngosa, kinaanza nini, maji au unga?"

"Maji. Kasuba alisema utauliza."

Nilipika nshima. Ilikuwa na mabonge. Nikaiacha ipoe, ndipo nikala.