Binti Aliyemrudisha Mama Kwenye Kompyuta Yangu

Cheka kama unataka kucheka. Hata mimi ningesimuliwa ningecheka, tena kwa sauti. Lakini haya yamenikuta mwenyewe, saa nane mchana, dukani kwangu Tunduma ninakotoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata togwa.

Kwanza nikiri ujinga wangu. Mama alipofariki nilichukua picha yake pekee tuliyokuwa nayo, ya kwenye kompyuta, nikaing'arisha ili itangulie jeneza. Ndivyo tufanyavyo mafundi wa huku: marehemu anafutwa mikunjo, anapewa ngozi ya bibi harusi. Nikafuta na kovu la chini ya jicho la kushoto, alipochomwa na tawi la kahawa akiwa anachuma kule Igamba. Halafu, mjinga mimi, nikahifadhi juu ya ile ile ya mwanzo! Mdogo wangu Neema alipoiona msibani aliniuliza, "Kaka, huyu ni nani?" Sura ya mama ilikuwa imepotea duniani, na aliyeipoteza ni mimi.

Hata hivyo niliiweka wolpepa kwenye kompyuta ya mezani. Picha ndogo, kioo kikubwa. Mama kavutwa mbavuni, kajaa ukungu, na mimi namtazama hivyo hivyo kila siku.

Basi akaingia binti mmoja kajifunga kitenge, akasema ametokea Isongole, anataka kuprinti mchoro aliouchora kwa simu. Nikaufungua. Jamani! Foleni ya malori kwenye mvua, na kila tone unaliona. Nilisahau hata kumkaribisha kiti.

Yeye macho yake yalikuwa kwenye wolpepa yangu. "Kaka, mbona umemvuta mama hivi? Nipishe kidogo."

Fundi mzima nikapisha. Akaingia kwenye mipangilio ya kioo, kumbe miaka yote nilikiweka chini ya uwezo wake! Akakipandisha, akaondoa ile ya kuvuta picha ijaze kioo chote, mama akarudi umbo lake. "Bado sura," akasema. Akaanza kuchora juu yake kwa kipanya changu hicho kinachogomagoma. Niamini, sijawahi kuona mkono kama ule. Mikunjo ikarudi mmoja baada ya mwingine. Kisha akashuka chini ya jicho la kushoto, akachora kovu.

"Nani amekwambia?" nikauliza.

"Si hili hapa, linaonekana," akajibu bila kugeuka.

Machozi yakanitoka. Nikageukia mlangoni nijifute, nikamkuta jirani yangu wa mashine ya kusaga amesimama pale pale kizingitini.

"Wewe, umeme unaupata wapi? Mtaa mzima umekatika tangu saa saba."

Nikatazama juu. Pangaboi limesimama. Nikageuka: kiti kitupu, na kompyuta ikazima mbele ya macho yangu. Mlango wa duka ni mmoja tu, na jirani alikuwa ameuziba.

"Yule binti kapita wapi?"

"Binti gani? Nimekukuta peke yako unalia."

Umeme uliporudi jioni niliiwasha huku naomba Mungu. Mama alikuwepo, na kovu lake.

Alikuwa mzimu? Jini? Sijui, na sikuogopa. Awe nani awe, kwa kazi ile namvulia kofia. Ila picha ile haitoki humo. Nikiihamishia kwenye flashi, inakwenda ile yangu ya bibi harusi. Nikiprinti, vivyo hivyo. Watu wananiambia niuze hilo likompyuta bovu, na mimi nawafukuza. Neema alikuja Jumapili, sikumwambia kitu. Alikaa mbele ya kioo, akagusa lile kovu kwa kidole, akasema, "Mama, shikamoo." Tulilia wote.

Nawe mwenye picha ya mzazi kwenye simu, usijifanye fundi. Iache na makovu yake. Mimi nilirudishiwa, wewe nani atakuja kukurudishia?