Kilo Ambazo Mwanangu Hakuwa Nazo

Uvumilivu wangu uliisha saa nne asubuhi, siku ya kliniki, nesi alipoandika kilo nane na nusu kwenye kadi ya mwanangu huku mwanangu yuko mgongoni, kanga haijafunguliwa hata fundo. Hakumgusa. Aliniuliza tu mwezi uliopita ilikuwa ngapi. Nikamjibu nane na robo, kwa makusudi, nione kama atainua macho. Hakuinua. Akaongeza robo, akasema mtoto anapanda vizuri, aje mwingine.

Ilikuwa hivyo hivyo kwa miezi mitatu. Mizani ya kuning'inia ilikatika ndoano mvua zilipoanza, ikawekwa juu ya kabati, na kliniki ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Sisi kina mama tulipanga foleni, tukajibu tulichoulizwa, tukaenda zetu. Na mimi, na kidato cha nne changu, nilikuwa napokea kadi kwa mikono miwili na kusema "ndaga". Nilishukuru, jamani. Ukitazama kadi, mstari unapanda ndani ya kijani. Ukimtazama mtoto wa miezi kumi, uzi aliofungwa kiunoni na bibi yake umeshuka mpaka mapajani. Nikaamini kadi. Hilo sijisamehe, ila sitalibeba peke yangu.

Aliyenizindua ni karani wa mizani ya kakao. Jana yake nilikuwa nimepeleka kakao yetu, na gunia lilipoteremshwa nikamwomba anipimie mtoto. Wanawake kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema, "Mwandikie daraja la kwanza, huyo hana unyevu." Karani naye akacheka, akamkalisha ndani ya gunia tupu, akalitundika, nami nimemshika mgongo. Kisha akaacha kucheka. Alisoma mara mbili. Kilo sita na kidogo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mizani yake haijambo, nimpeleke mtoto hospitali. Yule aliyetania daraja la kwanza alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

Basi siku hiyo ya kliniki ndiyo waliyokuja wakaguzi kutoka wilayani kupima ubora wa huduma. Sakafu imepigwa deki inateleza. Sanduku la maoni, ambalo sijawahi kuliona tangu niolewe pale kijijini, limetundikwa mlangoni. Wakaguzi walikaa chumba cha pili wanapitia kadi na rejesta, na kadi zetu zilikuwa nzuri sana. Pamoja nao alikaa mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Mwenyekiti ni baba mkwe wangu.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Mwanamke aliyeolewa hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Familia nyingi siku hizi zimeacha, ya mume wangu haijaacha. Nikisikia anakohoa njiani, naingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa na neno kwangu, linapitia kwa mama mkwe. Nimeishi karibu naye miaka minne na sura yake naijua kwa picha. Ndiyo maana nilipotaka kuuliza habari ya ile mizani nilinyamaza, kwa sababu kila lalamiko la zahanati linaishia mezani kwake.

Siku hiyo niliingia. Nikamfungua mtoto, nikamvua nguo, nikamlaza juu ya rejesta zao. Baba mkwe akageukia ukutani, akajifunika uso kwa kofia. Nikawaambia kadi inasema nane na nusu, wampime. Nesi alikuwa amenifuata.

"Wewe mama, huna adabu? Hujamwona mkweo hapo?"

"Nimemwona. Wewe mtoto umemwona?"

Mkaguzi mmoja, mwanamke, alitoa utepe wa kupimia utapiamlo akamzungushia mtoto mkononi. Ukasimama kwenye nyekundu. Saa hiyo hiyo tukaandikiwa rufaa ya kwenda mjini.

Tulilazwa karibu wiki tatu. Daktari wa wodi aliniuliza nilikuwa wapi miezi yote hiyo. Nikampa kadi. Akaisoma, akanirudishia, hakuuliza tena. Mtoto ameongezeka kidogo, lakini wenzake wanajivuta kwenye viti wasimame, yeye hata kukaa mpaka umwegemeze. Nikiuliza kama atawafikia, wanasema tusubiri.

Niliporudi, nesi yupo na mizani iko juu ya kabati. Wakaguzi walikuwa wameacha maelekezo kwamba lalamiko la mdomo halihesabiki, liandikwe kwa mwenyekiti. Nyumbani nako nadaiwa kuku wa kuomba radhi kwa kumtazama mkwe. Mama mkwe alikaa nami jikoni, akasema taratibu, "Mwanangu, kuku tunachinja yanaisha. Barua haichinjwi."

Kuku nilipeleka. Kisha barua nikaipeleka mwenyewe ofisi ya kijiji, nikasubiri mpaka nakala yangu ikapigwa mhuri. Niliandika hivi:

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Zahanati.

YAH: KUANDIKA UZITO WA MTOTO BILA KUMPIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi kumi na moja. Kwa kliniki nne mfululizo mwanangu aliandikiwa uzito ambao hakuupata, kwa kuwa mizani ni mbovu na muuguzi anakisia. Kadi ilionyesha anakua wakati anakonda, na kwa sababu hiyo alichelewa kutibiwa. Naambatanisha kadi na barua ya rufaa. Naomba mizani itengenezwe, na watoto wote walioandikiwa uzito tangu mvua zianze waitwe wapimwe upya, kwani mwanangu hawezi kuwa peke yake. Naomba muuguzi ahojiwe, na kamati nayo ieleze ilikagua nini miezi hiyo yote.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, kwa kuwa mimi na Mwenyekiti haturuhusiwi kuzungumza.