Beisi Zangu Kumi na Moja

Wiki iliyopita nilipita kwa basi Edmonton, mtaa nilikokulia ukimbizini, rafiki yangu, nikaona uwanja wetu wa besiboli umejengwa maghorofa. Usidhani nililia. Nilifurahi, tena kwa roho mbaya, maana pale ndipo mwalimu wetu wa michezo aliponinyang'anya haki yangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Walimu wengine walifundisha mpira wa miguu. Yeye alikuwa na wazimu wa besiboli ya karne ya kumi na tisa. Kila Jumamosi, huku vidole vyetu vikinuka chipsi na siki, alitusimulia habari za mabingwa wa kuiba beisi, wale waliochomoka kwenda kituo cha mbele kabla mpigaji hajaugusa mpira. Zamani, alisema, hata ukipitiliza kituo kimoja zaidi kwa mpira uliopigwa na mwenzako, ulihesabiwa kuwa umeiba. Akaamua nasi tuhesabu hivyo hivyo. Mwisho wa msimu, jina la kinara lingechongwa kwenye ubao mlangoni pa shule.

Mimi nilikuwa na mbio, si mchezo. Mama alisafisha ofisi tangu alfajiri, kwa hiyo mimi ndiye niliyewakimbiza wadogo zangu shuleni kabla kengele haijalia. Hadi mechi ya mwisho nilikuwa naongoza, nyuma yangu kipenzi cha mwalimu.

Siku hiyo mwalimu akatangaza kwamba kanuni ile ilishafutwa hata huko Marekani, kwa hiyo beisi za kupitiliza hazina hesabu. Akafuta kumi na moja zangu kwa kidole gumba. Nikamuuliza kama wale mabingwa wa kale nao walipokonywa zao. Hawakupokonywa, yeye mwenyewe ndiye aliyetusomea kitabuni. Akaniambia nisiwe mjeuri. Jina likachongwa la kipenzi chake.

Nikamlilia mama akanitetee. Jumatatu akaja amevaa kitenge chake cha kanisani, amebeba bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, yenye mawese. Nikasema moyoni, leo mwalimu atakiona. Loo! Mama alimpa bakuli kwa mikono miwili, akainama, akaniamuru nitafsiri: "Mwambie mwalimu anisamehe, huyu mutoto yangu iko na kichwa nguvu. Mwambie aksanti." Tulikuwa tukingoja makaratasi ya ukimbizi, na mama aliamini kila Mzungu mwenye kalamu anajuana na mwenzake. Njiani akaniambia, mwenye nguvu mpishe.

Nilitafsiri kila neno, hata ile asante.

Mwalimu nasikia amekufa. Mama naye tulimzika, na sombe kama yake sijaila tena. Wadogo zangu wamejaribu, wapi! Watu hunishauri nisamehe, eti ni mambo ya utoto. Ubao wake siutaki tena. Ila bakuli lile la mama alilila yeye, na hilo sitamsamehe.