Uso wa Fundi Miwani

Kwa miaka sita watu wa mtaa ule walivaa miwani iliyopita mikononi mwake, na hapakuwa na hata mmoja aliyemjua kwa sura.

Duka lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha wateja, chenye vioo kila upande, fremu zilizopangwa rafu juu ya rafu, na kaunta aliyokaa dada mmoja mchangamfu aliyeitwa na wote Dada wa Mbele. Cha nyuma kilikuwa cha Fundi. Alikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, mashine ya kukatia lenzi, jiwe la kusagia kingo, na kisanduku cha skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Baina ya vyumba hivyo palikuwa na dirisha dogo la kupitishia trei. Trei iliingia na fremu na karatasi ya vipimo, ikatoka na miwani. Fundi aliijua mikono ya Dada wa Mbele kuliko alivyoujua uso wake.

Hakuna aliyemfungia huko. Alijifungia mwenyewe. Chunusi zilimwanza akiwa na miaka kumi na mitano, kubwakubwa, zenye kuuma hata akilalia shavu. Shuleni wakamwita Kokoto, naye akacheka pamoja nao, maana ukikataa jina la utani unaongezewa la pili. Watu wazima wakamwambia zitaisha akifika ishirini. Akafika ishirini, zipo. Wakasema basi zitaisha akioa. Hilo aliliona gumu zaidi, kwa sababu kuoa kunaanzia kwa kumtazama mtu usoni, na yeye alikuwa ameshajizoesha kutazama watu viatu.

Alijaribu kila alichoambiwa. Dawa ya meno, limau, sabuni ya kufulia, na krimu ya kopo lisilo na maandishi aliyouziwa na mtu aliyeapa kwa jina la mama yake mzazi. Ile krimu ilimtakatisha wiki mbili, kisha ikamwachia mabaka mekundu na chunusi zikarudi na ndugu zao. Baada ya hapo akaacha. Akapanga chumba kimoja uani kwa watu, akatundika kioo cha kunyolea ndevu chini kiasi kwamba kilimwonyesha kidevu peke yake, akaishi hivyo.

Mama yake, aliyekaa mbali kwa dada yake Fundi, alimpigia kila Jumapili kwa simu ya picha. Fundi aliielekeza simu juu.

“Mwanangu,” mama akasema siku moja, “mimi nilizaa mtoto au nilizaa dari? Kila wiki naonyeshwa dari.”

“Kamera mbovu, mama.”

“Kamera mbovu, lakini dari naiona mpaka ufa wake.”

Alikuwa na miaka ishirini na tisa siku muuguzi mmoja wa makamo alipoingia dukani na miwani mipya inayombana nyuma ya masikio. Dada wa Mbele alikuwa ametoka kwenda kula. Muuguzi akaita hodi mara mbili, akasikia mashine inanguruma nyuma, akasukuma mlango.

“Wewe ndiye uliyetengeneza hii? Inanifinya kama nina deni nayo.”

Fundi akapokea miwani akiwa ameinama. Akapasha mikono ya fremu moto, akaikunja kidogo, akairudisha. Muuguzi hakuivaa. Alikuwa anamtazama.

“Baba, hebu inua uso.”

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo tangu utotoni. Akainua.

“Hizo ni chunusi,” muuguzi akasema, kwa sauti ile ile aliyolalamikia fremu. “Si laana, si uchafu, si dhambi. Ni ugonjwa wa ngozi na una dawa. Kliniki ya ngozi ya hospitali kuu, Jumanne asubuhi. Mimi nipo pale. Usipokuja nitakuja kukuchukua hapa, na miwani hii nitakurudishia.”

Jumanne akapiga moyo konde, akaenda.

Daktari alikuwa kijana kuliko yeye. Alimwangalia kwa taa, akamuuliza alishapaka nini, akatikisa kichwa aliposikia habari ya kopo lisilo na maandishi. Akamwandikia krimu ya retinoidi, dawa kali ya chunusi. “Sikiliza vizuri, maana wengi wanashindwa na dawa hii kwa kutosikiliza. Kiasi cha punje moja ya njegere, uso mzima. Si kila chunusi na punje yake. Osha uso, uache ukauke kabisa, ndipo upake kabla ya kulala. Pembeni mwa macho, mdomoni na kwenye kona za pua usiguse. Anza na siku moja, pumzika mbili. Mchana jikinge na jua. Na utazidi kuharibika kabla hujapona. Usije ukakata tamaa kabla ya miezi mitatu.”

Fundi aliitikia yote. Lakini mtu aliyengoja miaka kumi na minne, ukimwambia punje ya njegere, anasikia kijiko. Alipaka ya kutosha njegere tano, na kila siku.

Siku ya sita uso uliwaka moto. Maji ya kunawa yalimchoma kama ndimu kwenye kidonda. Ngozi ikaanza kubambuka vipande vipande, mfano wa rangi ya ukuta uliolowa, na chini yake zikachipuka chunusi mpya hata mahali ambapo hazijawahi kufika. Kutabasamu kulimuuma. Hilo halikumpa shida sana, hakuwa na wa kumtabasamia.

Siku ile ile trei ilirudi na miwani iliyokwisha kabidhiwa. Mikono ya Dada wa Mbele ikasita dirishani.

“Fundi, samahani. Mteja anauliza hivi vyeupe kwenye lenzi ni nini.”

Akaangalia chini ya taa. Vilikuwa vipande vya ngozi yake.

Akasema ni vumbi. Akafuta lenzi, akairudisha, na tangu hapo akafanya kazi na barakoa, akiivaa kabla ya kuingia dukani na kuivua akishafunga mlango wa chumba chake. Chakula cha mchana akala ameugeukia ukuta, ingawa chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Siku mbili nzima alizungumza maneno sita tu kwa jumla, na manne yalikuwa “asante” ya kupokea trei.

Tyubu ya dawa akaitupa kwenye ndoo ya taka. Kesho yake akaiokota.

Alirudi kliniki kabla ya siku yake, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na wengine waliokuwa wakiangalia sakafu. Ubavuni pake alikuwa mpishi wa mkahawa, jitu la miraba minne, aliyetangaza bila kuulizwa kwamba yeye dawa ile ile aliiacha wiki ya tatu. “Jiko linanichoma mbele, dawa inanichoma juu. Nikasema hapana, nichague moto mmoja.” Sasa alikuwa amerudi kuanza upya. Upande wa pili alikuwa mwanamke wa umri wa Fundi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye vidole vya chaki. Uso wake ulikuwa laini, umebaki na vivuli vya madoa tu.

“Umepaka nyingi,” Mwalimu akamwambia.

“Umejuaje?”

“Hata mimi nilipaka nyingi. Wanafunzi wangu wakaniuliza kama nimeungulia jikoni. Mmoja akanichora.” Akacheka. “Iache siku tano, ngozi itulie. Ukianza tena, paka losheni isiyo na manukato kwanza, kisha dawa, kisha losheni juu yake. Kama mkate na siagi katikati. Na mara mbili kwa wiki tu, mpaka ngozi ikuzoee. Mimi iliniharibu wiki saba nzima. Ya nane nikaamka, nikaona hakuna mpya. Basi. Hakuna ngoma wala tarumbeta.”

“Na wewe hukuacha?”

“Niliacha miaka miwili na zaidi. Nilikuwa naomba kupata mtoto, daktari akaniambia dawa hii haiendi na mimba, nikaiweka chini mpaka mtoto alipoacha ziwa. Zikarudi zote. Nikaanza tena alifu kwa kijiti.”

Waliongea mpaka Fundi akaitwa ndani. Kwa Fundi hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote ya mwaka ule. Alirudi nyumbani akiyarudia kichwani, pamoja na majibu ambayo angeweza kuyatoa yakawa mazuri zaidi.

Akafuata maneno ya Mwalimu kama sheria. Wiki ya tano ilikuwa mbaya. Ya saba ilikuwa mbaya ya kuchosha, kwa sababu ubaya wake ulikuwa haubadiliki. Siku ya miadi alinyoa kwa uangalifu na kufika mapema, akakaa pale pale kwenye benchi. Mpishi alikuwepo. Mwalimu hakuwepo.

“Yule?” mpishi akasema. “Ameshamaliza matibabu. Haji tena, labda siku moja moja.”

Fundi akasema ni vizuri, amepona. Na alifurahi kweli, ila furaha ile ilikuwa na shimo katikati. Hakuwa amemuuliza anafundisha shule gani.

Wiki ya kumi na moja, akinawa kwenye bomba la uani, mikono ilipita shavuni ikateleza. Akaipitisha tena. Makovu yalikuwepo, vishimo na madoa, lakini hapakuwa na kinachouma. Alikitundika kioo kwenye msumari wa juu zaidi, akajitazama. Alimwona mtu mzima mwenye macho ya baba yake. Hakuwa anajua kwamba alikuwa na macho ya baba yake.

Jumapili simu ilipolia hakuielekeza juu.

“Mama? Unaniona?”

“Nakuona,” mama akasema. “Umekonda. Na umezeeka, mwanangu. Mbona umezeeka hivyo?” Kisha akalia, naye Fundi hakujua amliwaze vipi mtu aliye kwenye kioo cha simu, akabaki ameishikilia kwa mikono miwili.

Mwezi wa sita wa dawa, Dada wa Mbele alikwenda likizo ya uzazi, na mwenye duka akamwambia Fundi akae kaunta nusu siku. Alikuwa amengoja siku kama hiyo maisha yake yote, akifikiri kwamba uso ukitulia watu watakuja wenyewe. Hawakuja. Walikuja kununua miwani. Walimsalimu, wakajaribu fremu, wakauliza kama zinawapendeza, wakaenda zao. Hakuna aliyeshtuka kumwona, na hakuna aliyejua kwamba pana jambo la kushangilia. Mchana mmoja akathubutu kwenda kula mkahawani, meza ya dirishani. Msichana mmoja akamjia akitabasamu.

“Kaka, hiki kiti kina mtu?”

Akaivuta sahani yake kando. “Hakina.”

“Asante sana.” Akakibeba kiti, akakipeleka kwenye meza ya wenzake.

Fundi akamaliza chakula chake. Kesho yake akaenda tena, maana asingeenda siku ile ya pili asingeenda kamwe.

Mwisho akaamua kwenda kumpa Dada wa Mbele hongera ya mtoto. Aliomba maelekezo kwa mwenye duka, akanunua shuka dogo la mtoto, akafika Jumamosi alasiri. Dada wa Mbele alifungua mlango mwenyewe, kitambaa begani, akamtazama mgeni bila kumtambua. Kisha akaangalia mikono yake iliyoshika kifurushi.

“Fundi! Ee, jamani! Karibu, karibu ndani.”

Akamkalisha, akamletea chai, akamwekea mtoto mapajani kabla hajapata nafasi ya kukataa. Fundi alikaa wima kama aliyebeba beseni limejaa maji. Wakaongea habari za dukani. Kisha Dada wa Mbele akasema, “Nikwambie kitu, usinikasirikie. Miaka yote ile mimi nilidhani unaringa.”

“Mimi?”

“Wewe. Mtu hasalimii, hatoki, ukimpa trei anatazama pembeni. Nikasema huyu fundi anajiona. Siku za mwanzo nilikuwa nakuletea karanga kwenye trei, hukumbuki? Ukazirudisha.”

Alikumbuka karanga. Alikuwa amesikia kwamba zinaleta chunusi, na akadhani dada yule amezileta kwa kejeli.

“Sikuwa naringa,” akasema. “Nilikuwa naona haya. Uso wangu.”

Dada wa Mbele akamwangalia usoni, kama anayetafuta kitu alichoambiwa kipo. “Chunusi? Hizo niliziona siku ya kwanza. Si mume wangu pia alikuwa nazo?” Akamchukua mtoto aliyeanza kulia, akamtuliza. “Tungekuwa tunapiga soga miaka yote sita, bwana wewe.”

“Ukirudi tutapiga.”

Dada wa Mbele akatikisa kichwa. Mume wake alikuwa amehamishwa kikazi, mji mwingine. Wangeondoka mwisho wa mwezi. Mwenye duka alikuwa ameshaambiwa.

Fundi akasema, “Mungu awatangulie.” Akanywa chai mpaka ikaisha, akaomba ya pili ingawa hakuwa na kiu. Alikaa hadi mume aliporudi, akasalimiana naye, akaona kwamba kweli mashavu yake yana vishimo kama vyake. Wakamsindikiza mpaka njiani, wakapeana mikono.

Alirudi kwa miguu. Kwenye kona ya duka la vyuma mzee mmoja alikuwa amesimama na mwavuli uliofungwa, akinung’unika peke yake kwamba mvua mwaka huu imewadanganya watu. Siku nyingine zote Fundi angepita. Safari hii akasimama.

“Kweli, baba. Imechelewa sana.”

Mzee akageuka, akamtazama juu mpaka chini, na akaanza kumweleza habari za mahindi yake yaliyokauka, moja baada ya nyingine, kwa kirefu. Fundi akasikiliza zote akiwa amemtazama usoni, mpaka mzee akachoka, akamuaga, akaenda zake. Kisha naye akashika njia ya kwake.