Mdomo Uliojaa Kahawa

Jumatano hii kwenye sala ya jumuiya, mtaani Hamugembe, kikapu cha kahawa ya kutafuna kilitangulia kupitishwa mkono kwa mkono, kama kawaida yetu. Biblia ikafuata, kila mtu akisoma mstari mmoja. Kando yangu alikaa binti mmoja, fundi cherehani. Mungu anisamehe, aliitazama Biblia ikija kama mtu aliyeona nyoka. Ilipofika kwa jirani yake wa upande wa pili, akajaza mdomo kiganja kizima cha kahawa.

"Tutakusubiri utafune," alisema mwenyekiti wa jumuiya.

Tukasubiri. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Baba mwenyekiti," mama yake akasihi, "mwanangu ana akili. Akisoma, herufi hazitulii. Shuleni walimchapa, hazikutulia."

"Si avae miwani!" mtu akacheka.

Hali hiyo inaitwa disleksia. Si macho, wala si uvivu. Nilimnong'oneza mstari wake. Akatema makapi, akautamka wote bila kukosea, akiinamia Biblia kana kwamba anasoma.

"Kumbe unaweza!" mwenyekiti akafurahi kweli. "Basi wiki ijayo utatusomea sura nzima."

Watu wakapiga makofi. Binti akanyoosha mkono, akikitafuta kikapu.